Beji za Binti Leonidas

Leonidas Kitundu hakumaliza kidato cha pili, na hilo lisingekuwa neno kama angeliacha lipite. Wengi pale Mgelanzi hawakumaliza, wakalima alizeti zao, wakasomesha watoto, wakazeeka bila kumsumbua mtu. Yeye aliamua kwamba shule ilimkosea, na kwamba shule hiyohiyo itamlipa kupitia kwa binti yake.

Alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kando ya barabara, chini ya mteremko wa Sekenke, na kwa ajili ya mashine hiyo watu walimwita mkurugenzi. Walimwita kwa utani. Yeye alilipokea jina hilo kama stahili yake, akanunua kofia ya kuvaa kwenye mikutano na kalamu za kuchomeka mfukoni. Mkutano wa wazazi wa sekondari ulipotafuta mwenyekiti wa kamati ya skauti, kazi ambayo hakuna aliyeitaka kwa vile haikuwa na posho, Leonidas alijinyoshea mkono mwenyewe, kisha akasimama kuwashukuru wenzake kwa kumwamini.

Kundi la skauti la pale shuleni lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na utaratibu mmoja mzuri, nao ulikuwa wa beji. Kila mtoto alipewa kadi. Beji ya mpishi ilikuwa na masharti yake, ya mtunza miti yake, ya huduma ya kwanza yake. Mtoto akitimiza sharti, mtu anayeijua kazi ile humtahini na kutia sahihi na tarehe mbele ya sharti hilo. Kadi ikijaa, mlezi wa kundi huiandika beji ile katika kitabu cha kundi, ndipo inashonwa kwenye mkono wa shati. Ndivyo ilivyotakiwa. Mlezi mwenyewe alikuwa Mwalimu Benson, kijana wa somo la historia, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mtu aliyekalia kiti kikubwa kuliko chake.

Raheli, binti wa Leonidas, alikuwa na miaka kumi na minne na beji moja. Ilikuwa ya mtunza miti. Aliipata baada ya kumwagilia miche yake kiangazi kizima kwa maji aliyokuwa amenawia, na bwana miti aliyekuja kumtahini aliigusa miche ile mmoja mmoja kabla ya kusaini. Raheli aliipenda beji ile. Hakuona haraka ya kutafuta nyingine.

"Binti wa Shamte anazo ngapi?" baba yake alimuuliza jioni moja wakiwa barazani.

"Nne, baba."

"Nne! Na wewe moja yako hiyo ya miti. Mti si hata mbuzi anaweza kuukuta porini?"

Tamimu Shamte alikuwa na duka la nguo na mabati ng'ambo ya barabara, mtu mpole wa mjini aliyehamia Mgelanzi na familia yake, na kosa lake kubwa mbele ya Leonidas lilikuwa ni kutojua kwamba wanashindana. Alikuwa akimsalimia kila asubuhi kwa furaha. Leonidas alikuwa akiitikia kwa shingo.

"Mwezi ujao ni siku ya wazazi," Leonidas alisema. "Mwenye beji nyingi ndiye atakwenda kambini Singida mjini kuwakilisha kundi. Mimi ni mwenyekiti. Unataka nikae mbele pale, nimpigie makofi binti wa Shamte?"

"Maryam anajua vitu vingi, baba."

"Sikukuuliza anajua nini."

*

Mwalimu Benson aliitwa Jumapili, akaja na kadi za Raheli ndani ya mfuko wa plastiki. Alikaribishwa kiti cha mikono na soda ya baridi. Leonidas alizipanga kadi zile mezani kama karata.

"Kwa kweli, mzee, hii ya huduma ya kwanza anatahini Sista Eliana wa zahanati," mwalimu alisema.

"Sista Eliana ana wagonjwa. Tumsumbue kwa ajili ya mtoto?"

"Ndiyo utaratibu, mzee."

"Utaratibu si watu, mwalimu? Mimi mwenyekiti wa kamati, wewe mlezi wa kundi. Hapa mezani utaratibu wote umekaa unakunywa soda."

Mwalimu Benson alicheka, kwa sababu aliyesema alitaka achekewe. Akatoa kalamu. Mpishi ikasainiwa, kwa hoja kwamba mtoto wa kike hupika nyumbani. Usafi wa mazingira ikasainiwa kwa kutazama uwanja uliofagiliwa, na ya mkulima kwa kutazama gunia la alizeti. Huduma ya kwanza ilikuwa na masharti mengi, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, kumhudumia aliyeungua, na mwalimu aliyapitia yote kwa sahihi moja ndefu iliyoteremka kama mjusi ukutani.

"Bado hii ya kuogelea," Leonidas alisema.

Mwalimu alidhani ni utani. "Mzee, hapa Mgelanzi ataogelea wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Maji ya Mgelanzi yalikuja kwa punda na kuuzwa kwa dumu.

"Binti wa Shamte anayo?"

"Anayo. Likizo huwa anakwenda kwa bibi yake Pangani, alitahiniwa hukohuko."

"Basi na wangu anayo. Raheli! Njoo hapa. Kuogelea kunafanyikaje?"

Raheli alisimama mlangoni ameshika trei. "Unatupa mikono mbele, baba. Na miguu unapiga."

"Umesikia? Anajua."

Mwalimu Benson aliimaliza soda yake. Alikuwa na shahada. Alikuwa amesoma miaka mingi, na mama yake aliuza ng'ombe ili asome, na matunda ya elimu hiyo yote yakatoka kinywani mwake saa ile.

"Tunaweza kusema amefaulu kwa nadharia," alisema.

Leonidas alilipenda neno hilo, akalirudia mara mbili. Kisha akajaza tarehe mwenyewe, huku akibadilisha kalamu, hapa ya bluu, hapa nyeusi, ili ionekane ni kazi ya siku mbalimbali. Mahali pamoja aliandika tarehe thelathini na moja ya mwezi wa sita.

"Juni inaishia thelathini, baba," Raheli alisema taratibu.

"Nani atahesabu?"

Jikoni, Scholastika alisikia yote. Alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko mumewe, na kwa muda mrefu alikuwa ameitumia akili hiyo kunyamaza. Isitoshe, naye alipenda kidogo kuitwa mama wa skauti pale kanisani. Mwalimu alipoondoka, nyuma ya bodaboda yake palifungwa dumu la mafuta ya alizeti, na ni Scholastika aliyelifunga kwa mpira ili lisianguke.

Kesho yake Leonidas alilipeleka shati kwa fundi cherehani na kusimamia mwenyewe ushonaji. Alitaka beji zile tano mpya ziachanishwe ili zijaze mkono wote. Ile ya miti, iliyokuwa juu peke yake, alimwambia fundi aishushe chini karibu na kiwiko.

*

Jumamosi ilikuwa siku ya wateja. Mashine ilinguruma tangu asubuhi, magunia ya alizeti yamepangwa hadi barabarani, na Raheli amesimamishwa karibu na mizani amevaa sare ya skauti na skafu shingoni.

"Baba, leo si siku ya skauti," alikuwa amesema.

"Skauti ni kila siku. Simama pale watu wakuone."

Watu walimwona. Mzee Bonaventura, aliyeleta magunia mawili, alimshika mkono na kuzitazama beji kwa karibu.

"Hii yenye mawimbi ni ya nini, mjukuu wangu?"

"Shikamoo babu. Ya kuogelea."

"Marahaba. Kuogelea wapi?"

"Dunia ni kubwa, Mzee Bonaventura," Leonidas alidakia kutoka kwenye mashine. Mzee aliuachia mkono, akaenda kukaa juu ya gunia lake.

Nyuma ya banda, Scholastika alikuwa amebandika sufuria ya maji ya ugali wa vibarua. Sara, mtoto wao wa mwisho, wa miaka minne, alikuwa akicheza na mfuniko. Mama yake aligeuka kuchota unga. Sara akavuta mpini wa sufuria, na maji yakamwagika kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

Ukelele ule ulisikika juu ya mashine. Vibarua walikimbia, wateja wakakimbia, na Scholastika alipotokea na mtoto mikononi watu walikuwa wamejaa uwanjani. Mama mmoja akapiga kelele, "Skauti! Si kuna skauti hapa? Mwiteni!" Wengine wakaitikia. Mtu akamsukuma Raheli mgongoni, akajikuta katikati ya duara, uso kwa uso na mdogo wake.

Alisimama. Ngozi ya Sara ilikuwa imeanza kuvimba na kung'aa. Raheli alikumbuka mstari kwenye kadi: aoneshe namna ya kumhudumia mtu aliyeungua. Aliikumbuka vizuri sana na sahihi iliyokuwa mbele ya mstari huo. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu. Mikono yake ilining'inia kama ya mtu mwingine.

"Fanya!" baba yake alifoka, akisukuma watu. "Fanya kile cha kwenye kadi, Raheli! Watu wanatazama!"

Raheli hakufanya. Alianza kulia, akiwa na beji zake sita.

Ndipo Leonidas alipojitwalia kazi. Alikimbilia ndani, akarudi na dawa ya meno, akaikamua yote kwenye mkono wa mtoto na kuisambaza kwa kiganja kilichojaa mafuta ya mashine. Sara alilia hadi sauti ikakatika. Watu wachache walitikisa vichwa wakikubali, kwa kuwa dawa ya meno ni ya baridi na ni ya dukani.

Maryam Shamte alikuwa ametumwa na mama yake kununua mafuta. Alikuwa amevaa ushungi na kandambili, hana sare wala kitu. Alipenya katikati ya watu na chupa yake tupu.

"Shikamoo baba. Samahani, asipakwe hiyo. Amwagiwe maji."

"Toka hapa, mtoto wewe."

Maryam hakutoka. Aliweka chupa chini, akafunua pipa la maji lililokuwa ukutani, akachota kwa jagi na kuanza kumwagia mkono ule polepole, maji yakitiririka na povu jeupe hadi miguuni mwa watu. Akachota tena. Akachota tena.

"Maji yote hayo?" Leonidas alisema. "Hayo ndiyo ya wiki nzima!"

Ni hapo Scholastika alipompiga mumewe kumbo. Hakuwa amewahi kumgusa hivyo, na Leonidas alirudi nyuma hatua kadhaa, kofia ikamdondoka. Mama akapiga magoti, akaunyosha mkono wa mtoto.

"Mwaga, mwanangu. Mwaga yote."

"Raheli, leta ndoo nyingine," Maryam alisema bila kumtazama, na kwa kuwa sasa alikuwa ameambiwa kitu anachokiweza, Raheli alikimbia kuleta ndoo. Maryam aliendelea kumwagia hadi Sara alipoacha kupiga kelele na kubaki na kwikwi. Kisha akaomba kanga safi, akaufunika mkono bila kuukaza, akamwambia mama wampeleke zahanati.

Chupa yake ya mafuta ilibaki pale uwanjani. Hakuna aliyemjazia.

*

Sista Eliana alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyevaa miwani iliyofungwa kwa plasta. Aliifunua kanga, akautazama mkono, akautazama tena karibu na vidole ambako utando mweupe ulikuwa umeganda.

"Nani alipaka hii?"

Leonidas alikuwa ameshaiokota kofia yake. "Majirani," alisema. "Unajua majirani, sista. Unawazuia huku, wanapaka kule."

Scholastika alimgeukia. Alimtazama tu, kisha akamrudia mtoto, kwa sababu sista alikuwa ameanza kuuondoa ule utando na Sara alikuwa amemshika mama yake shingo kama anayetaka kuingia ndani yake.

"Na maji alimwagia nani?" sista aliuliza alipomaliza.

Scholastika alikuwa akimbembeleza Sara.

"Nauliza kwa sababu aliyemwagia amefanya kazi kubwa. Bila yale maji mngekuwa njiani kwenda hospitali ya mkoa, na vidole hivi nisingewaahidi."

Leonidas alivuta pumzi. Raheli, aliyesimama mlangoni na sare yake iliyolowa, aliliona jambo lile likija usoni mwa baba yake kabla hajafungua mdomo. Lilikuja kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kitu amekisahau dukani.

"Ni binti yangu huyu hapa," alisema. "Ana beji ya huduma ya kwanza."

Sista Eliana alimtazama Raheli juu ya miwani. "Beji hiyo nani alikutahini?"

"Mlezi wao," Leonidas akajibu. "Mtu makini sana."

"Hapa kwangu sikumwona binti huyu hata siku moja," sista alisema, akaendelea kufunga bandeji.

*

Uongo ule haukukaa zahanati. Jioni hiyohiyo ulikwenda kwa Mwalimu Benson kwa miguu ya Leonidas mwenyewe, ukarudi umenenepa. Mwalimu aliona ndani yake njia ya kutoka: mtoto aliyeokoa maisha, nani atakwenda kumuuliza kuhusu kadi zake? Akaandika maombi ya beji ya ushujaa. Ilipofika Jumatano, kijiji kizima kilikuwa kimeambiwa kwamba siku ya wazazi binti wa mkurugenzi atavalishwa na mgeni rasmi, mfanyabiashara wa mabasi kutoka Singida mjini.

"Watu walikuwepo pale," Scholastika alimwambia mumewe. Alikuwa anamlisha Sara uji. "Mzee Bonaventura alikuwepo. Vibarua wako walikuwepo."

"Vibarua wangu wanakula kwangu. Bonaventura ana magunia mawili hayajakamuliwa."

"Na mimi?"

"Wewe ni mke wangu."

"Maji yale niliyabandika mimi, Leonidas. Nikageuka, mtoto akaungua. Nalala nalo, naamka nalo. Usinibebeshe na hili lako juu yake."

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto yupi?"

Leonidas alikuwa anajaribu tai kwenye kioo cha redio.

Shuleni, Raheli alimfuata Maryam chini ya ukuta wa maktaba ambako wasichana walikuwa wakila chakula. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, lakini yalimpotea.

"Maryam, mimi sikusema ni mimi."

"Ulisema si wewe?"

"Hapana."

Maryam alitafuna, akameza. "Mimi beji ile siitaki sana. Baba amesema tusigombane na majirani. Lakini siku ile nilirudi nyumbani bila mafuta, mama akanigombeza kwamba nimepoteza chupa. Hata chupa hamkuileta."

Kwa Raheli, angetukanwa ingekuwa nafuu. Jioni aliitafuta ile chupa uwanjani kwao, akaikuta imekanyagwa na gari la magunia.

*

Siku ya wazazi turubai lilifungwa uwanjani na viti vikapangwa kwa vyeo. Leonidas alikaa mbele na tai yake. Scholastika aliambiwa akae mstari huohuo, na akaambiwa pia asimfunike Sara kwa kanga, ili bandeji ionekane vizuri kwenye picha. Aliikunja kanga akaiweka magotini.

Mgeni rasmi alichelewa, akafika, akahutubia juu ya umuhimu wa uadilifu huku akiitazama simu yake. Skauti waliimba, wakapiga saluti, wakarudia ahadi yao kwamba watakuwa wakweli. Kisha Mwalimu Benson akasimama na karatasi.

"Mgeni rasmi, wazazi, leo tunaye shujaa. Skauti huyu, kwa kutumia ujuzi aliotahiniwa na kufaulu, alimwokoa mdogo wake aliyeungua moto. Skauti Raheli Leonidas, mbele!"

Makofi. Raheli alitoka mstarini. Hakuwa msichana jasiri. Tumekwisha kumwona alivyosimama siku ile. Alipofika mbele ya mgeni rasmi alisema kwa sauti ndogo iliyosikika tu kwa sababu kipaza sauti kilikuwa karibu.

"Si mimi. Aliyemwagia maji ni Maryam."

Mgeni rasmi alimtazama mwalimu. Na Mwalimu Benson, ambaye darasani hushindwa kujibu swali la mtoto wa kidato cha kwanza, siku hiyo akili yake ilifanya kazi haraka ya kutisha.

"Mnaona, wazazi?" alipaza sauti. "Huo ndio unyenyekevu wa skauti! Anampa sifa mwenzake!"

Turubai lote lilipiga makofi. Wanawake walipiga vigelegele. Leonidas alitoa kitambaa akapangusa macho, na machozi yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameshauamini uongo wake, na sasa aliulilia. Mgeni rasmi akatabasamu, akachukua beji, akaanza kuichomeka kwenye shati la Raheli.

"Na kuogelea sijui!" Raheli alisema kwa nguvu, akirudi nyuma. "Sijawahi kuogelea. Kadi alijaza baba."

Watu wakacheka. Walicheka kwa upendo, kama anavyochekwa mtoto aliyesema jambo la nyumbani mbele ya wageni, na mgeni rasmi naye akacheka, akamshika bega ili asisogee. Pini ilikuwa tayari imeshaingia kwenye kitambaa.

Hapo Scholastika akainuka. Alimbeba Sara ubavuni, akatembea hadi mbele, na watu waliacha kucheka mmoja mmoja, kwa sababu kila mtu aliiona bandeji kama ilivyokusudiwa.

"Mtoto aliyeungua ni huyu, na ni wangu," alisema. Hakukitafuta kipaza sauti. "Alipoungua, baba yake alimpaka dawa ya meno. Binti yangu alisimama analia, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Aliyemwagia maji ni yule binti wa Shamte pale mstarini. Nilikuwa nimeushika mkono mimi mwenyewe. Mzee Bonaventura, uongo?"

Mzee Bonaventura alikuwa nyuma. Alifikiri juu ya magunia yake mawili. Aliyafikiri kwa muda ambao kila mtu aliuona.

"Kweli," alisema hatimaye.

Leonidas alisimama na kucheka peke yake. "Mgeni rasmi, tumwie radhi. Mke wangu hajalala siku nyingi, kwa uchungu wa mtoto."

"Nimelala," Scholastika alisema. "Jana nimelala vizuri."

Mgeni rasmi aliitoa ile pini kwenye shati kwa ncha za vidole, akaiweka mezani, akakumbuka kwamba ana safari. Mkuu wa shule akaomba aletewe kitabu cha kundi. Tamimu Shamte, aliyekuwa mstari wa nne, alimtazama binti yake aliyesimama na skafu yake na uso umemwiva, akainamisha kichwa kama mtu anayesalimia. Makofi hayakupigwa tena siku ile. Watu waliondoka wakiwa na haraka ya kufika nyumbani wakasimulie.

*

Mkuu wa shule alifuta beji tano katika kitabu cha kundi na kuagiza kadi zote zitahiniwe upya. Mwalimu Benson aliandikiwa onyo, akabaki kuwa mlezi, kwa sababu kazi hiyo bado haikuwa na posho. Dumu la mafuta hakulirudisha. Maryam alikwenda kambini. Beji ya ushujaa hakuipata, kwa kuwa fomu ilikuwa na jina la mtu mwingine na ya pili ilitakiwa kuombwa upya, na hakuna aliyeomba. Watu wa Mgelanzi walizungumza juu ya jambo hilo kwa wiki mbili, wakiwemo wale waliotikisa vichwa kuikubali dawa ya meno, kisha mvua zikakaribia wakapata mengine.

Raheli alizifumua beji zile mwenyewe kwa wembe. Akaenda zahanati.

"Shikamoo sista. Naomba kufundishwa."

"Marahaba. Ili upate beji?"

"Ili nijue," Raheli alisema, halafu, kwa kuwa alikuwa amechoka na mambo ya nusu nusu, akaongeza, "na beji pia."

Sista Eliana akamwonesha bomba na sabuni. Kila Sara alipokuja kubadilishiwa bandeji, Raheli alikuwa pale, kwanza kwa kutazama, baadaye kwa kushika bakuli, baadaye kwa kufungua bandeji taratibu huku akimwimbia mdogo wake wimbo wa mstarini. Mara mbili sista alimtahini kufunga, na mara mbili ikalegea. Mbele ya sharti lile sista aliandika neno moja kwa herufi kubwa: BADO.

Safari iliyofuata Leonidas alikuja mwenyewe. Scholastika alikuwa shambani, na alikuwa amemwambia mumewe kwamba kumpeleka mtoto si kazi ya mama peke yake. Alikuja na kofia yake.

"Mshike mtoto," sista alimwambia. "Binti yako anafungua."

Leonidas alimshika. Raheli alinawa hadi viwikoni, akakaa, akaanza kuzungusha. Tabaka la mwisho lilipotoka, mkono ukaonekana, waridi na mwekundu na sehemu fulani bado unavuja, na Leonidas, ambaye hakuwahi kuutazama tangu siku ile, alipauka. Alisema anasikia kama kuna mtu anamwita nje. Alimweka Sara kitandani, akatoka akishika ukuta.

Sara hakulia. Raheli alimwagia dawa ya kusafishia kama alivyofundishwa, akafunika, akafunga. Sista aliingiza kidole chini ya bandeji, akavuta, akainua mkono, akautikisa kidogo. Safari hii haikulegea. Akachukua kadi, akasaini mbele ya sharti moja, akaweka tarehe.

Kichwa cha Leonidas kilichungulia mlangoni. Rangi ilikuwa inamrudia.

"Amefaulu?"

"Ameanza," sista alisema. "Bado masharti saba."

Leonidas alitafakari jambo hilo, akarekebisha kofia.

"Na hiyo ya kuanza, sista," aliuliza, "haina beji yake?"

Sista Eliana aliinuka akavuta pazia.